Tableti ya Kuchorea na Sikio la Kushoto

Rehema na Iddi, siku mliponiaga mliniuliza mambo mawili. La kwanza mlilisema kwa mdomo: studio inunue tableti gani ya kuchorea, maana ile iliyopo imezeeka kuliko mimi. La pili nililiona machoni mwenu tu. Mlitaka kujua kwa nini nilipokea zawadi yenu, nikaifuta sehemu mbele ya watu, kisha nikaondoka pilau likiwa bado linafuka. Maswali hayo yana jibu moja, ila haliko karibu. Vumilieni kidogo, nami nitajitahidi nisiwachoshe.

Siku yangu ya kwanza pale studioni Dunda sikwenda kuomba kazi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikwenda na mama kumtafuta kaka yangu Athumani. Athumani alikuwa utingo wa lori. Alipandia Lugoba, lori limebeba mkaa, akatuambia atarudi Ijumaa. Ijumaa hiyo haijafika mpaka leo. Dereva alisema alishuka njiani kununua maji, akamsubiri, akachoka kusubiri. Picha yake pekee, ile ndogo ya pasipoti, alikuwa nayo mwenyewe kwenye pochi. Mama akasikia kwamba Dunda yupo mtu anayeweza kumchora mtu kwa kusimuliwa tu.

Huyo ndiye Mzee Shomari, aliyeanzisha studio mnayofanyia kazi. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mwembamba, mfuko wa shati umejaa penseli zilizochongwa kwa wembe, na riziki yake kubwa ilikuwa mabango ya vinyozi. Hakumuuliza mama kama Athumani ni mweupe au mweusi, mrefu au mfupi. Alimuuliza, "Akiitwa, anageuza kichwa kwanza au macho?" Mama akafikiri, akasema macho. "Akicheka, mdomo unaanza upande gani?" Mama akasema kulia, kisha akalia. Mzee Shomari akasubiri amalize kulia, akauliza la tatu.

Alichora tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila baada ya muda alimgeuzia mama karatasi, na mama alisema, "Kama yeye." Anafuta kidogo, anaongeza kidogo, anageuza tena. "Kama yeye, mzee. Kama yeye kabisa." Kisha akaweka penseli chini, na mimi niliyekuwa nimekaa kimya nikaona sikio la kushoto halipo. Mahali pake palikuwa peupe.

"Mzee, na sikio?" mama akauliza.

"Bi mkubwa, aliyekufa namchora nammaliza," akajibu. "Aliyepotea simmalizi. Namwachia kitu cha kurudia."

Akatueleza jingine, kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja bei ya rangi. Alisema maadamu wenyewe wanasema "kama yeye", mtu bado yuko mahali, na hiki kilichopo kwenye karatasi ni mfano wake tu. Siku watakaposema "ndiye", basi wamemkuta, na mtu hawezi kukutwa mahali pawili. Mama aliitikia kwa kichwa. Akaikunja picha kwenye kanga, akaiweka sandukuni kifudifudi, kwa sababu nyumbani kwetu hatukutundika sura ukutani. Jumatatu nikarudi peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sikio limeota?"

"Hapana. Nataka kazi."

"Unajua kuchonga penseli?"

"Sijui."

"Basi kazi ipo."

Mambo ya vyeo na mishahara siyaandiki, hayangejaza ukurasa. Nitasema nilichojifunza. Nilijifunza kwamba mkate wa jana ni kifutio kizuri kuliko mpira, na wa leo haufai kwa sababu una unyevu. Nilijifunza kuchora pua kwanza, sio macho, kwa sababu ukianza na macho utaona haya kuyafuta. Nilijifunza kutowauliza wafiwa swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Na kwa miaka yote nilipochora wafu niliwamaliza, nywele mpaka kola ya shati. Wenyewe walisema "ndiye", wakaenda na picha yao wametulia. Waliopotea, na pwani hii hawakomi, niliwaachia kitu: kifungo kimoja, nyusi, ncha ya kidole. Wachache kati yao walirudi. Mmoja alikuja studio kwa miguu yake mwenyewe kuitazama picha yake, akacheka, akauliza kwa nini hana nyusi. Nikamchorea mbele yake, bure.

Sijui kama niliamini. Nilikuwa nafuata kazi nilivyofundishwa, kama mpishi anayefunika sufuria kwa kitambaa bila kuuliza. Mzee Shomari alifariki akiwa ameshika penseli, na hilo silitii chumvi, tuliitoa vidoleni mwake kabla ya kumwosha. Mama naye alipokaribia kuondoka aliniambia nimpeleke Athumani studio, asibaki sandukuni peke yake. Nikamtundika juu ya meza yangu. Kila aliyeajiriwa aliuliza kwa nini kijana yule ana sikio moja, nami nilijibu kwa mzaha kwamba mchoraji aliitwa kuswali. Nanyi niliwajibu hivyo hivyo, mkacheka. Sikuwaambia ni nani. Kumbukeni hapo, kwa sababu kosa lote lililofuata limeanzia kwenye mzaha wangu.

Sasa tuje kwenye tableti. Wakubwa wa lugha wanasema kishikwambi. Mimi nimezoea tableti. Ya kwanza niliichagua kama wajinga wote wanavyochagua, kwa picha iliyo juu ya boksi. Ilikuwa bapa jeusi lisilo na kioo. Unachora juu yake, mchoro unatokea kwenye kompyuta. Mkono uko huku, jicho liko kule. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu anayejipaka wanja gizani, na kalamu yake ilitumia betri iliyokufa kila mara nilipofika kwenye jicho. Wiki ya tatu mkono ukazoea, na kuzoea kwenyewe ndiko kulikonitisha. Alasiri moja nilikuwa nazungumza na mteja, kalamu inatembea mkononi bila mimi kuangalia. Nilipotazama kompyuta nikakuta kidevu. Nilikijua. Nilikuwa nakitazama juu ya meza yangu kila siku. Nikabonyeza kurudi nyuma, nikabonyeza tena, mpaka ukurasa ukawa mweupe, na mteja akaniuliza kama ninaumwa.

Kwa hiyo la kwanza: kama mnachora katuni na matangazo ya saluni, bapa lisilo na kioo linatosha, na ni rahisi kulitunza kuliko jingine. Kama mnachora sura za watu, nunueni yenye kioo, ili jicho lilinde mkono.

Ya pili ilikuwa na kioo, nikajiona nimefika. Lakini kioo chake kilikuwa kinene. Ncha ya kalamu inagusa hapa, mstari unatokea pembeni kidogo, na unachelewa. Ukichora taratibu unaona kama kuna mtu chini ya kioo anayefuata mkono wako, na hana haraka. Niliwahi kusimamisha kalamu ghafla, na mstari ukaendelea kidogo ndipo ukasimama. Fundi aliniambia ni kompyuta kuzidiwa. Sawa. Vilevile kalamu ilitetemeka kila nilipochomeka chaji, mstari ukawa na vijino kama msumeno. Fundi akasema ni umeme wa jengo letu, waya wa ardhini hamna. Sawa tena. Kila kitu kilikuwa na sababu, na bado nilikuwa nakifunika kitambaa kile kioo kabla ya kwenda nyumbani.

Ndiyo tableti niliyokuwa nayo alipokuja Bi Mwajuma wa Kiwangwa.

Alikuwa mkulima wa mananasi, mama wa makamo, mikono imechanjwa na majani. Alikuja na mkwewe, mume wa binti yake, mtu mpole aliyeitwa Salumu. Mwanawe Omari alikuwa ametoka nyumbani na mananasi ya kuuza barabara kuu, na masika mawili yalikuwa yamepita. Hawakuwa na picha hata moja. Simu iliyokuwa nazo alikwenda nayo mwenyewe. Walitaka sura ya kubandika stendi, Lugoba na kwingineko, ili mtu amwone aseme. Alichotaka mama yule ni kitu kimoja tu, ajue mwanawe yuko wapi. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Nikamuuliza maswali ya Mzee Shomari. Akiitwa, Omari aligeuza bega. Akicheka alifunika mdomo, kwa sababu ya jino. Nilichora upande wa kulia kwanza, nusu ya uso, sikio likiwemo, na chaji ilikuwa imechomekwa kwa kuwa betri ilikuwa imekwisha. Kalamu ikatetemeka kwenye ukingo wa sikio, ikaacha kipengo kidogo. Nikasema nitakirekebisha baadaye. Nilikuwa nimekusudia sikio la kushoto nisilichore. Lakini siku hiyo asubuhi nilikuwa nimechora nembo ya kikoba cha akina mama, na nembo zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo nilikuwa nimewasha kile kitufe tulichokiita kioo. Mnakijua. Ukichora kulia, mashine inachora kushoto.

Nilikuwa nimekuza picha, naona upande mmoja tu. Niliporudisha picha ikae nzima ili nimwonyeshe Bi Mwajuma, uso ulikuwa umekamilika. Masikio mawili. Nilipeleka kalamu nifute, na wakati huo huo adhana ya alasiri ikaanza. Bi Mwajuma alikuwa ameshasogea. Akainama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Ndiye," akasema.

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Hata kovu la sikio umelipata," akasema tena, akigusa kile kipengo upande wa kushoto. "Aling'atwa na mbwa akiwa mdogo. Nani kakuambia? Mimi sikukuambia."

Salumu akanitazama, nami nikatazama chaji. Ningeweza kumwambia, mama, hii ni kalamu kutetemeka. Ningeweza kufuta. Lakini alikuwa analia kwa furaha, na Mzee Shomari alifundisha kwamba mtu akishasema "ndiye" huongezi mstari, na sikumbuki kama alifundisha kupunguza. Nikahifadhi faili. Mashine ikaandika saa: kumi kasoro dakika tano.

Siku ya tatu Salumu akapiga simu. Karatasi ilikuwa imebandikwa stendi ya Lugoba, na mhudumu mmoja wa hospitali ya huko mbele, nisiyoitaja, akaiona. Alisema kijana huyo aliletwa pale mgonjwa, hana kitambulisho, hasemi vizuri. Walimwuguza kwa muda mrefu.

"Wamemzika," Salumu akasema. "Alifariki Jumanne."

Jumanne ndiyo siku waliyokuja kwangu. Nikamuuliza saa ngapi. Nilijua sipaswi kuuliza, na bado nikauliza.

"Mhudumu anasema adhana ya alasiri ilikuwa inaisha. Kwa nini, Bi Tatu?"

Nikamjibu nilitaka kujua tu.

Arubaini ilipopita Bi Mwajuma alikuja studio na mananasi sita ndani ya tenga. Nilitamani anitukane. Badala yake alinishika mikono miwili akasema, "Umenirudishia mwanangu. Ningesubiri mpaka nife, nisijue pa kumsomea." Alikuwa amenawiri kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa sili. Yale mananasi niliwagawia watu wa sokoni, sikuweza hata kuisikia harufu yake mle ndani.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Mtu mwenye akili zake atasema Omari alikuwa anakufa, nami nikachora siku hiyo, basi. Mimi pia nasema hivyo, mchana. Lakini nilimwuliza imamu wetu, akanikumbusha kwamba mchora sura ataambiwa siku ya kiyama aitie roho sura aliyoichora. Nikamwambia, sheikh, hilo nalijua toka madrasa. Ninachoogopa mimi ni kwamba roho inaweza kuja mapema. Akaniambia niswali rakaa mbili na nipumzike.

Niliiuza tableti ile kwa mtu wa Dar es Salaam anayechora nguo. Tangu hapo, kila nilipochagua nyingine, nilikwenda dukani na rula yangu. Nanyi nendeni nayo. Wekeni rula kwenye kioo, vuteni mstari wa mshazari taratibu sana. Ukitoka na mawimbi, rudisheni. Guseni kona zote nne muone kama ncha na mstari vinakutana. Chomekeni chaji mchore tena. Maelfu ya hatua za mkazo wa kalamu yaliyoandikwa kwenye boksi yasiwababaishe, mkono wa binadamu hauna hatua nyingi hivyo. Kioo kiwe na ukwaruzo kidogo kama karatasi, kwa sababu kinachoteleza kinachora kabla hujaamua. Kalamu isiwe ya betri. Na hewa yetu ya chumvi inakula matundu ya waya, kwa hiyo nunueni waya wa akiba siku hiyo hiyo. Kitufe cha kioo kizimeni kila jioni kama mnavyozima jiko.

Sasa siku ya kuagwa. Mlinikalisha kiti cha mbele, Iddi akatoa hotuba yenye vichekesho, Rehema akaleta boksi. Tableti mpya, nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Sijui mlichanga vipi na sitauliza. Mkasema, "Bibi, iwashe, kuna kitu ndani." Nikawasha.

Mlikuwa mmemshusha Athumani ukutani, mkampiga picha, mkamsafisha madoa, mkamtia rangi. Ngozi yake mliipatia. Shati mlilitia buluu, na kweli alikuwa na shati la buluu, ingawa zaidi yangu hakuna aliyebaki hai wa kuwaambia. Na sikio la kushoto lilikuwepo. Mlichukua la kulia mkaligeuza.

"Tumemmalizia, Bibi," Rehema akasema. "Miaka yote hiyo mchoraji yuko msikitini."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama kaka yangu. Alikuwa amegeuza macho kabla ya kichwa, kama mtu aliyeitwa sasa hivi. Miaka arubaini na kitu nilikuwa nauona mfano wake, nikasahau kwamba mfano una mwenyewe. Nilimpenda sana Athumani. Alinifundisha kupanda baiskeli, alinipiga kwa ajili ya embe, alisema atarudi Ijumaa. Na kabla sijajizuia, mdomo wangu ukasema, "Ndiye."

Nikasikia nilichosema. Nikageuza kalamu, nikafuta sikio lote mpaka pakawa peupe, ninyi mkinitazama. Nikamwona Rehema anatokwa na machozi, nikashindwa kueleza, nikaondoka. Nisameheni. Mlinifanyia wema mkubwa, nami niliwaficha maana kwa mzaha.

Rehema alikuja nyumbani kesho yake. "Bibi, ile ya karatasi ipo vilevile. Hatukuigusa."

"Najua, mwanangu. Lakini si ya karatasi niliyoisemea ndiye."

Akauliza swali ambalo Mzee Shomari angelikataza, la ndiyo au hapana. "Hutaki kujua alipo?"

Bi Mwajuma alitaka, akajua, akapata pa kusomea. Mimi nina umri wa kutosha kujua kwamba mtu aliyeshuka kununua maji hachukui miaka arubaini. Nilimwambia Rehema ukweli: nimesubiri muda mrefu sana mpaka kusubiri ndiko kumekuwa ndugu yangu. Sijui kama naweza kumzika na huyo pia.

Basi jibu la swali lenu ndilo hili. Yapo mengi ya kupima, na nimewaandikia. Lakini mkibaki na tableti mbili zinazolingana kwa kila kitu, chukueni ile ambayo kalamu yake ina kifutio upande wa pili, kama hii mliyonipa. Kubonyeza kurudi nyuma ni kwa makosa ya mashine. Ya kwako unayafuta kwa mkono.

Siku ya tatu baada ya kuagwa simu yangu ililia. Adhana ya alasiri ilikuwa inaisha. Namba sikuijua. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza, ikalia mara ya pili, nikaiacha tena. Yawezekana ni wale matapeli wanaosema umeshinda bahati nasibu, maana hawajui hata saa za kuswali. Haijapiga tena, nami sijaipigia. Nimeihifadhi tu. Pale pa kuandika jina nimeacha wazi.